Daftari la Makosa Katika Maandalizi ya Mtihani wa Kiingereza

Nilipoanza kujiandaa kwa mtihani wa ushindani wenye sehemu ya Kiingereza, nilikuwa nikikariri orodha ndefu za maneno kila usiku, na baada ya siku chache sehemu kubwa ilikuwa imenitoka kichwani. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilieleza jambo hili mwaka 1885: tunachojifunza husahaulika haraka sana mwanzoni, ila hudumu zaidi tukikirudia kwa vipindi. Tangu nilipolielewa hilo, kila neno jipya ninalirudia kesho yake, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki, nikiwa nimeliandika ndani ya sentensi niliyoitunga mwenyewe.

Sarufi ilinidai uvumilivu zaidi, hasa matumizi ya "a", "an" na "the", kwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo na sikio letu halikuzoea kuyasubiri kabla ya nomino. Tena "an" hutegemea sauti inayoanza neno linalofuata, si herufi yake: husemwa "an hour" lakini "a university", na mtego huu nimekutana nao mara nyingi katika maswali ya kutafuta kosa. Vihusishi ni heri kuvikariri pamoja na vitenzi vyake, kama "depend on" na "consist of".

Kila jibu ninalokosea huingia katika daftari pamoja na kanuni niliyoivunja, na daftari hilo ndilo ninalolisoma kabla ya kufungua maswali mapya.