Povu juu ya mpera

Januari 2017 nilirudi kwa wazazi wangu Morogoro, mtoto wa miezi minane mgongoni, nikamkuta baba nyuma ya nyumba ameshika sululu. Tangu kile kibonde cha mpunga ng'ambo ya barabara kifukiwe zikajengwa nyumba, alisema, usiku umekuwa bubu. Alitaka vyura wake warudi.

Mimi niliwaza mbu tu. Mwanangu alikuwa ametoka kuugua malaria, nilimkesha siku tatu.

"Baba, unatufugia mbu mlangoni?"

"Nipe masika haya tu, mwanangu. Wakizidi, nitalifukia mwenyewe."

Lilikuwa bwawa la mita mbili kwa moja na nusu, katikati maji yakifika magotini. Upande mmoja aliulaza kama ufuko, ili hata mjusi akitumbukia apate pa kutokea. Chini alitandika magunia makuukuu, juu yake nailoni nzito, mawe yasije yakaitoboa. Maji ya bomba hakuyataka kwa sababu ya klorini, akangoja ya mvua kutoka kwenye bati. Akapanda mafunjo na yungiyungi, akazungusha uzio wa mianzi kwa ajili ya mjukuu wake. Samaki aliwakataa katakata: wangemaliza viluwiluwi vya mbu, ndiyo, na vya chura pia.

Mbu wakaja kweli. Kila jioni nilikwenda na chujio la chai, nikavizoa viluwiluwi vyao na kuvimwaga kwenye mchanga mkavu. Baba alinionyesha kereng'ende wakitaga. Watoto wao huishi majini na hula hivyo hivyo viluwiluwi vya mbu. Sawa, lakini chujio sikuliweka chini.

Asubuhi moja ya Aprili nikaona povu jeupe, kubwa kama embe dodo, limeganda kwenye tawi la mpera juu ya maji. Nikajua ni sabuni ya kufulia. Nimeshanyanyua ufagio, baba akanidaka mkono.

"Tazama pembeni yake."

Chura wa kijivu alikuwa amejikunyata kwenye gome, na kadiri jua lilivyompiga ndivyo alivyozidi kuwa mweupe. Vyura hao, baba akanieleza, hulipiga povu kwa miguu ya nyuma na kutaga humo. Nje hukauka, ndani mayai yakabaki na unyevu.

Siku chache baadaye, mvua ikinyunya, povu likalegea. Nilikuwa nimempakata mtoto. Viluwiluwi vikaanza kudondoka majini, kimoja, kisha viwili, kisha vingi, na mwanangu akishtuka kwa kila tone halafu akicheka. Baba alichuchumaa akihesabu kwa sauti ya chini. Alipopita arobaini hesabu ikampotea, akaanza upya.

Jioni nilikwenda na chujio langu kama kawaida. Ila safari hii nililiinua kwenye mwanga, nikavitenga kimoja kimoja: vya mbu mchangani, vya chura majini.