Kicheko cha dakika ile

Tulikuwa tukitazama mpira, wachezaji wakasimama duara, kimya, vichwa chini. Binti yangu akauliza, "Baba, wote hao wana huzuni kweli, au wameambiwa?"

Nikakumbuka muhula ule chuoni wa ontolojia ya jamii, somo la falsafa linalouliza vitu kama kundi, pesa au ndoa vipo kwa namna gani. Tulikuwa kwa mwanafalsafa John Searle: noti ni pesa kwa sababu sote tumekubali iwe pesa, ndoa na urais vivyo hivyo. Nadharia nadhifu, sina ugomvi nayo, ila nilikuwa nikijiuliza hao wanaokubali wana miili au hawana.

Asubuhi moja mhadhiri akaingia na habari kwamba mwenzetu wa safu ya nyuma amefariki. Akatutaka tusimame dakika moja. Tukasimama. Kwa hesabu ya Searle, kundi la waombolezaji lilikuwa limeshapatikana. Mimi nilikuwa nasikia njaa tu.

Mara jamaa aliyekuwa mbele yangu akacheka. Hakucheka kwa sauti. Kilimtoka puani, mabega yakamtikisika, akajiuma ngumi. Joto likanipanda shingoni. Dada wa kushoto kwangu alivuta pumzi akaizuia, na yangu ikakwama papo hapo, sikuipanga. Safu nzima ikakakamaa. Hakuna aliyegeuka, na kila mmoja alijua kwamba mwenziwe hageuki kwa makusudi. Ndipo "sisi" ikaniingia mwilini. Wala haikuletwa na huzuni. Ililetwa na hasira.

Baadaye tukamsoma mwanafalsafa Mjerumani Max Scheler: wazazi wawili wanaosimama mbele ya maiti ya mtoto wao hawana huzuni mbili zinazofanana, wanayo moja. Tukaja kwa Gerda Walther, naye mwanafalsafa Mjerumani, aliyeandika mwaka 1923 kwamba watu wanaweza kushirikiana kazi moja na bado wasiwe jumuiya, mpaka wajihisi kuwa wamoja. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Lakini yule aliyecheka tungemweka wapi?

Nilikutana naye ngazini wiki kadhaa baadaye. "Nilikuwa nakaa naye chumba kimoja," akaniambia, bila mimi kuuliza. "Nyinyi mlimjua jina tu."

Akashuka zake. Searle angetuhesabu sisi tuliosimama vizuri. Scheler, nadhani, angemfuata yule jamaa, ingawa hapo napo sina hakika: mfano wake unataka watu wawili.