Siku moja maishani mwangu: mluzi wa radi ya upande wa pili wa Dunia

Saa 10:30 alfajiri. Navaa visikilizi hata uso sijanawa, kwa sababu kwaya haimngoji mtu. Milio mifupi inapanda, mmoja unaukanyaga mwingine, utadhani ndege wamejazana mtini. Kumbe ni elektroni zilizonaswa na usumaku wa Dunia, maelfu ya kilomita huko juu, zinachochea mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana. Masafa hayo yanaangukia mle mle sikio linamosikia, basi antena ya kitanzi, kikuza mawimbi na kompyuta vinatosha.

Saa 2 asubuhi. Kwaya imefifia. Nagombana na nyaya za umeme, ambazo huvuma kwa hezi 50 au 60 kutegemea nchi, na mivumo ya vigawe vya masafa hayo hupanda hadi kilohezi kadhaa. Nazungusha kitanzi kidogo kidogo mpaka mvumo unywee. Kazi ya kuchosha, sina la kuisifia.

Saa 5. Hapa ndipo penye utamu. Radi ikipiga ng'ambo ya ikweta, sehemu ya mawimbi yake hupenya ayonosifia (tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme), hufuata mstari wa usumaku na kutua upande wetu. Njiani masafa ya juu hutangulia, ya chini hujikokota, hivyo mpasuko wa kufumba na kufumbua hufika ukiwa mluzi unaoshuka. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Barkhausen aliusikia katika Vita vya Kwanza vya Dunia akinasa simu za adui. Mwaka 1953 mwanafizikia Mwingereza Owen Storey akaeleza chanzo chake. Mluzi nilionao kwenye skrini umepita hezi 6,000, na hezi 3,000 ikafuata theluthi ya sekunde baadaye. Kuchelewa huko ndiko kunakonipa wingi wa elektroni njia nzima, bila kurusha chombo chochote. (Setilaiti nazipenda pia, ila hazinipi raha hii.)

Saa 9 alasiri. Naangalia mawimbi ya kituo cha redio cha kuwasiliana na nyambizi cha Cutler, Marekani, kilohezi 24. Jua likilipuka, eksirei zake huvuruga tabaka la chini la ayonosifia na mchoro huruka ghafla. Leo umelala tu.

Saa 3 usiku. Radi za mbali zinadundadunda kati ya ardhi na ayonosifia, kila moja ikiacha mkia mfupi. Mkia huu umekomea hezi 1,700 hivi, na kikomo hicho hutegemea urefu wa dari, yaani ayonosifia: iko kama kilomita 88 juu. Naandika 88, nafungua faili linalofuata.