Mahindi Niliyodhani Nayajua

Nimelelewa kwa ugali. Kwa hiyo nilipopanga chumba Oaxaca, kusini mwa Meksiko, jiko la mwenye nyumba halikunitisha hata kidogo. Mahindi ni mahindi, nikajisemea. Wiki ya kwanza tu nikamwambia yule mama, ambaye mtaa mzima ulimwita doña, kwamba Jumapili tortila, zile chapati nyembamba za mahindi, nitapika mimi. Akacheka kidogo, akaniachia jiko.

Nikachota punje kavu kwenye gunia lake, nikazisaga kwa mashine ya mkono, nikachekecha, nikakanda kwa maji ya moto. Kila nilipobonyeza donge ili litandazike, pembeni lilipasuka kama tope la kiangazi. Nikakaza roho, nikaweka hivyo hivyo kwenye komali, lile sinia la udongo linalokaa juu ya moto. Nilichopakua kilikuwa chenga tupu. Doña alionja kidogo, akasema, "Mwanangu, kuku watakushukuru."

Kesho yake akanituma sokoni kuleta chokaa. Nilidhani sijamsikia vizuri, maana Kihispania changu kilikuwa bado cha kuokoteza. Kumbe ndiyo hiyo hiyo: mawe meupe yanayouzwa jirani na mahindi na maharage, chokaa ya chakula, si ile ya kujengea. Aliyatia kwenye maji kidogo yakachemka yenyewe bila moto, yakatoa mvuke, yakageuka uji mweupe. Akanionya nikae mbali, maana inaunguza ngozi na macho.

Kazi yenyewe kwa maneno ni fupi. Kilo 1 ya mahindi makavu, maji kama lita 3, chokaa gramu 10 hivi. Unachemsha kwa moto mdogo, unaepua, unafunika, unaacha usiku kucha. Sufuria isiwe ya alumini, kwa sababu chokaa huila. Asubuhi unaosha, na ganda linatoka lenyewe mkononi. Mahindi yaliyopitia hapo huitwa nishtamali, jina lililotoka kwenye Kinahuatl, lugha ya Waazteki: neno la majivu limeungwa na neno la kinyunya cha unga wa mahindi. Majivu nayo hufanya kazi ileile, na wenyeji wengi wa Amerika Kaskazini waliyatumia badala ya chokaa.

Usiku ule, sufuria ikiwa imefunikwa, nilikaa nikasoma, na hapo ndipo usingizi uliponiruka. Vyombo vya kazi hii vimechimbuliwa kusini mwa Guatemala, vya kati ya mwaka 1500 na 1200 kabla ya Kristo. Lakini Wahispania walipoanza kuvusha mahindi kwenda Ulaya baada ya 1492, walibeba punje wakaiacha chokaa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alikuwa akiandika habari za maskini wa Asturias, Hispania, walioishi kwa mahindi na kubabuka ngozi. Waitalia wakauita ugonjwa huo pelagra, yaani ngozi iliyoparara, na kwa muda mrefu wengi waliona mahindi yenyewe ndiyo yenye sumu. Ulipowaandama watu wa kusini mwa Marekani, serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger mwaka 1914. Alisema ni chakula duni, si kijidudu, na kuwathibitishia wabishi alijidunga damu ya wagonjwa mwaka 1916. Mkewe naye akadungwa. (Huyo mke ningependa kusoma habari zake zaidi kuliko za mumewe.) Mwaka 1937 mwanakemia Conrad Elvehjem akaonyesha kwamba kinachokosekana ni niasini, mojawapo ya vitamini B. Mahindi hayakosi niasini, ila imefungwa kiasi kwamba tumbo haliipati. Chokaa huifungua. Chokaa hiyo hiyo hulainisha ganda na kuufanya unga ushikamane, jambo ambalo mahindi makavu hayawezi kwa sababu hayana gluteni, ule utando unaoshikamanisha unga wa ngano. Basi kumbe zile chenga zangu na ngozi za wale maskini vilikosa kitu kimoja.

Usidhani mara ya pili nilifaulu. Nilitia chokaa kwa kukisia, nikaongeza kidogo "kwa usalama," kisha nikapitiwa na usingizi moto ukiwaka. Asubuhi punje zilikuwa za manjano, zimekuwa rojorojo, zina harufu ya sabuni. Nikazibeba kwenye ndoo hadi kwenye mashine ya mtaani, ambako watu hupanga foleni alfajiri kusagisha nishtamali yao. Mwenye mashine alichungulia ndoo, akaniambia hapo nipike atole tu, yaani uji. Foleni yote ikacheka. Nilisagisha hivyo hivyo, nikapata gundi.

Mara ya tatu nilipima kwa mizani. Doña alinifundisha kupasua punje kwa kucha: ganda liteleze, lakini katikati kibaki kidoa cheupe kigumu kidogo. Ukikiona, epua, usiku utamaliza yaliyobaki. Unga ulirudi kutoka mashineni una joto, unanukia mvua ya kwanza. Nikaukanda kwa maji kidogo kidogo hadi donge likabonyea bila kupasuka. Komali tuliipaka maji ya chokaa ili unga usigande. Kisha mkono ukajifunza mapigo yake: weka, kingo zikianza kuachia geuza, subiri zaidi, geuza tena, gusa kwa vidole.

Ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ikaungua. Ya tano, nikiwa nimeshaanza kukata tamaa, ikafura katikati, ikapanda yote kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Nilipiga ukelele hadi jirani akachungulia.

Doña akasema maneno wanayoyasema wote kule tortila yako ikifura: "Sasa unaweza kuoa."

Nikamjibu nina mke, na watoto wawili.

Akaichukua ile tortila, akaitia chumvi, akaikunja, akaila mwenyewe. "Basi huyo mwanamke," akasema, "amevumilia mengi."