Pale Posta, yule askari na majina ambayo hayapo

Juzi nilikuwa Posta nasubiri mtu, si mnajua foleni za Dar, nikajikuta nimesimama kama nusu saa mbele ya sanamu la Askari, lile la kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Miaka yote napita pale na sijawahi kulisoma. Safari hii nikasoma. Pameandikwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na kile kipande cha mwisho kinasema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watakumbuka jina lako.

Nikazunguka pande zote natafuta hayo majina. Hakuna hata moja aisee.

Sasa kabla ya huyu askari, pale mjini Wajerumani walikuwa wamemsimamisha mtu wao, Hermann von Wissmann, yule aliyeizima vita ya Abushiri, na Abushiri mwenyewe akanyongwa Pangani mwaka 1889. Wissmann kasimama juu anaangalia mbali, na chini yake kachongwa askari Mwafrika anamtazama bosi. Waingereza walipoingia 1916 wakaling'oa, na 1927 wakazindua huyu wa sasa. Wissmann akaishia Hamburg, akawekwa chuo kikuu, huko nako wanafunzi wakamwangusha miaka ya 60, akatupwa stoo. Halafu mwaka 2004 msanii mmoja anaitwa Jokinen akamtoa stoo akaenda kumsimamisha bandarini Hamburg, si kwa kumheshimu, ila watu wapite, wamwone, wabishane afanywe nini. Alikaa pale zaidi ya mwaka. Mimi hii kazi naikubali sana, maana ukilificha sanamu stoo umelisaidia tu, hakuna anayeliuliza kitu.

Ila kilichonigusa zaidi ni kazi ya William Kentridge wa Afrika Kusini, ilianza kuonyeshwa London mwaka 2018, nimeona vipande tu mtandaoni, inaitwa The Head & the Load, jina limetoka kwenye methali ya Ghana, kwamba kichwa na mzigo ndio tabu za shingo. Inahusu wapagazi wa vita ya kwanza. Jukwaa refu balaa, watu wanapita wamebeba mizigo na vivuli vyao vinapanda ukutani vikubwa kuliko wao wenyewe, unaangalia mpaka shingo yako nayo inaanza kuuma.

Na wapagazi ndio sisi hao. Kariakoo unayokwenda kununua vitenge imetokana na Carrier Corps, kambi ya wapagazi ilikuwa pale, Nairobi nao wana Kariokor yao. Njia za kupitisha magari hakuna, ng'ombe na punda wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo risasi, unga, mpaka vipande vya mizinga, vyote kichwani mwa mtu. Walikufa zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ikakiri kwamba kuna watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina na wengine hawakukumbukwa kabisa. Yaani hata idadi yenyewe hawana uhakika, halafu sanamu linaahidi jina!

Jioni nikampigia bibi, maana nilikumbuka kuna siku alisema babu yake "alikwenda kariakoo" na sisi watoto tukadhani alikwenda sokoni tukacheka. Nikamuuliza, bibi, yule babu yako alikuwa anaitwa nani?

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tunamwita Babu tu." Ila anakumbuka alirudi na kitu kama kibati cha kuning'iniza shingoni, kina namba, watoto wakawa wanakichezea, kikapotea.

Nikamuuliza namba yenyewe je.

"We nawe, nilikuwa najua kusoma mimi?"

Kasema atamuuliza dada yake mkubwa aliyeko Korogwe, yeye ndiye alilala sana kwa babu. Simu ya kule inashika kwa kubahatisha, basi nasubiri.