Siku moja maishani mwangu: zamu ya muuguzi wa wodi ya afya ya akili

Saa 12:40 asubuhi. Nilifika wodini dakika 20 kabla ya zamu kuanza, kama ilivyo kawaida yangu, kwa sababu napenda kuwaona wagonjwa kwa macho yangu kabla sijasikia wenzangu wakiwaeleza. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya muuguzi wa afya ya akili ni kuwashika watu kwa nguvu na kuwachoma sindano za usingizi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku yangu huenda katika kutazama: miguu ya mtu anapoketi, mikono yake anapotembea, taya lake anaponyamaza, macho yake anaponisikiliza. Dawa tunazotoa za kutibu saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza uhusiano na uhalisia, huwarudishia watu utulivu wa fikra, nami nimeshuhudia jambo hilo mara nyingi mno kiasi cha kutoweza kulitilia shaka. Lakini dawa hizo hizo, kwa baadhi ya watu, huugusa ubongo mahali ambapo mwendo wa mwili hupangwa, na mara nyingi anayepaswa kuliona hilo mapema ni muuguzi aliyesimama karibu na kitanda.

Saa 1:00. Kupokea zamu. Ripoti ya kitanda cha 9 ilisema: "Alisumbua usiku kucha, hakulala, alikataa kubaki kitandani. Daktari aombwe kuongeza dozi." Nilimkuta binti huyo amesimama pembeni mwa dirisha, akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine kana kwamba sakafu inamchoma. Nilipomwomba aketi, aliketi, miguu ikaanza kutikisika, na baada ya muda mfupi akainuka tena huku machozi yakimlengalenga.

"Sista, si kwamba sitaki kukaa," aliniambia. "Miguu yenyewe hainiruhusu."

Hali hiyo huitwa akathisia, neno lenye maana ya kushindwa kuketi, ambalo daktari Ladislav Haškovec alilitumia mwaka 1901, nusu karne kabla dawa hizi hazijakuwapo. Leo hutokea zaidi kwa wanaotumia dawa, wala si nadra. Kinachosikitisha ni jinsi inavyosomwa vibaya. Anayeitazama kwa haraka huona mgonjwa mkaidi ambaye ugonjwa wake umepamba moto, kisha humwongezea dawa ile ile inayomtesa. Wapo wagonjwa waliofikia kutamani kufa kwa sababu ya adha hiyo. Kwa hiyo nilipompigia daktari sikumwambia kwamba mgonjwa anasumbua. Nilimweleza kwamba haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, iliongezwa siku nne zilizopita, kwamba miguu haitulii, na kwamba mgonjwa mwenyewe anasema dhiki iko mwilini, si katika mawazo. Dozi ilipunguzwa na akaandikiwa propranololi, dawa ya moyo ambayo pia hupunguza hali hiyo.

Kuanzia saa 2:00 hadi saa 4:00 niligawa dawa, nikapima shinikizo la damu, nikabadilisha shuka, nikajaza mafaili.

Saa 4:00 ilikuwa zamu ya wagonjwa wa kutwa, wanaokuja kuchunguzwa na kurudi nyumbani. Nawapenda sana wagonjwa hawa, maana wengi wao wamebeba ugonjwa kwa miongo kadhaa kwa ustahimilivu ambao haupongezwi na mtu yeyote. Mama mmoja aliyetumia dawa kwa zaidi ya miaka 20 aliketi mbele yangu akiwa kimya, lakini mdomo wake haukutulia: midomo ilikuwa ikijikunja, taya likizunguka taratibu, ulimi ukichungulia na kurudi. Nilimwomba afungue kinywa na kuutuliza ulimi ndani, kisha agusanishe kidole gumba na vidole vingine kimoja kimoja, kwa sababu mikono inaposhughulishwa, miondoko ya mdomo ambayo mgonjwa anaizuia bila kujua hujitokeza waziwazi. Fomu tunayoitumia hutoa alama kuanzia 0 hadi 4 kwa kila sehemu ya mwili. Familia yake ilikuwa imemkemea kwa muda mrefu kwamba anatafunatafuna kama mtoto. Nilimwita binti yake ndani nikamweleza kwamba hiyo ni diskinesia inayochelewa, athari ambayo huweza kujitokeza baada ya miezi au miaka ya dawa, na kwamba Mama hafanyi makusudi. Nilisisitiza pia kwamba dawa isikatishwe ghafla nyumbani, kwa kuwa kufanya hivyo huweza kuizidisha miondoko yenyewe, achilia mbali kuurudisha ugonjwa. Mama hakusema neno. Aliutazama tu uso wa binti yake kwa muda mrefu.

Ufafanuzi wake si mgumu, na natamani kila familia iupate siku ya kwanza. Dawa hizi huziba vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Dopamini ikizidi kazi yake katika baadhi ya njia za ubongo, mtu husikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo ya kweli. Lakini katika njia nyingine dopamini hiyo hiyo ndiyo inayoulainisha mwendo wetu. Dawa haijui kuchagua njia. Ndiyo maana shingo ya kijana huweza kujipinda au macho yake kugeukia juu na kukwama huko siku chache tu baada ya kuanza dawa, hali iitwayo distonia, ambayo kwa bahati njema huachia upesi mgonjwa akipata sindano sahihi. Kwa wachache zaidi, kiwiliwili chote huegemea upande mmoja; mwaka 1972 madaktari waliipa hali hiyo jina la mnara ulioinama wa Pisa, Italia. Wengine hutetemeka midomo kwa kasi, juu na chini, kama sungura anayetafuna, huku ulimi ukiwa umetulia tuli. Mtu asiyeyajua haya huona vituko. Mimi naona dozi inayohitaji kuangaliwa upya.

Saa 6:15 mchana mwenzangu aliniita kwenye kitanda cha 14. Hapa nitaeleza kwa kirefu, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

Alikuwa kijana aliyeletwa siku tano nyuma akiwa na fadhaa kubwa, hali wala hanywi vya kutosha, akachomwa sindano kadhaa za haloperidoli. Asubuhi alikuwa mkimya, na mwenzangu aliandika kwamba ametulia. Nilipoushika mkono wake na kujaribu kuukunja kwenye kiwiko, ulinipinga kwa ugumu ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama bomba la madini ya risasi. Jasho lilikuwa limelowesha shati. Joto la mwili lilikuwa 39.6, mapigo ya moyo 132 kwa dakika, na shinikizo la damu lililopimwa mara mbili ndani ya robo saa likatoa majibu yaliyopishana sana. Nilimwita kwa jina lake. Macho yalinifuata, mdomo haukufunguka.

Homa, ukakamavu, fahamu iliyovurugika, na moyo na shinikizo la damu vilivyopoteza mpangilio: mambo hayo manne yakikutana kwa mtu anayetumia dawa za saikosisi, huna ruhusa ya kusubiri. Ni sindromu ya nyuroleptiki malignanti, iliyoelezwa na Jean Delay na wenzake mwaka 1960, nadra kiasi kwamba wauguzi wengi hawajawahi kuiona, na yenye uwezo wa kuua. Daktari wetu alifika mbio. Alisimamisha dawa zote zinazoziba dopamini, akaagiza damu ipelekwe maabara, dripu iwekwe, mwili upoozwe kwa vitambaa vya maji. Kisha akapiga simu idara ya magonjwa ya ndani, kwa kuwa wodi yetu haina mashine za kumfuatilia mgonjwa wa namna hiyo.

Simu ya kwanza ilijibiwa kwamba hakuna kitanda. Ya pili, tuliambiwa homa itakuwa ya maambukizi, tuanze antibiotiki na kumwangalia. Ya tatu niliipiga mimi, na sauti ya upande wa pili ikaniambia bila kusita: "Huyo ni mgonjwa wenu wa akili, akija huku atawasumbua wagonjwa." Nilimjibu kwamba mgonjwa ninayemsemea hawezi hata kuinua mkono. Kimya. Tukaambiwa tusubiri majibu ya maabara. Nilikuwa nikimpima joto kila baada ya dakika 15, nikibadilisha vitambaa, nikiutazama mfuko wa mkojo ambao rangi yake ilikuwa ikielekea kuwa nyeusi, ishara kwamba misuli inavunjika na mabaki yake yanazielemea figo. Wagonjwa wengine nao walikuwa wakihitaji dawa, maji, na mtu wa kuwasikiliza. Sikumbuki tena saa za mchana ule. Nakumbuka mgongo uliokuwa ukiuma, na simu iliyokuwa ikilia upande wa pili bila kupokelewa.

Mama wa kijana huyo alifika wakati huo. Alimshika uso, akaugusa mkono uliokakamaa, akanigeukia.

"Sista, juzi alikuwa akipiga kelele lakini alikuwa anaongea. Ni dawa mlizompa zilizomfanya hivi?"

Ningeweza kumwambia amsubiri daktari. Nilimvutia kiti karibu na changu nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Tunaamini ni dawa. Tumezisimamisha zote, na tunampigania apelekwe anakostahili kutibiwa." Hakunikemea, ingawa alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Alichukua kitambaa kutoka mkononi mwangu akaanza kumpooza mwanawe paji la uso.

Majibu ya maabara yalipotoka, kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinasi kilikuwa zaidi ya 14,000, wakati kwa kawaida huwa mamia machache au chini ya hapo. Namba hiyo ilifungua mlango ambao maelezo yetu ya muda wa saa tatu hayakuufungua. Ninafurahi kwamba ulifunguka, na bado ninaumia kwamba mwili wa kijana yule, uliokuwa ukitoa ushahidi mbele ya kila mtu, haukuaminiwa kwa sababu tu umetoka wodi ya akili.

Nilimsindikiza mwenyewe. Juu ya jalada la faili niliandika kwa herufi kubwa kwamba asipewe haloperidoli wala dawa nyingine ya jamii hiyo hata akihangaika usiku, na kwamba akitapika asipewe metoklopramidi, kwa maana nayo huziba dopamini ingawa watu huijua kama dawa ya kuzuia kutapika tu. Nilimsomea muuguzi aliyempokea maneno hayo mstari kwa mstari, naye, kwa heshima kubwa, akayarudia yote mbele yangu kabla sijaondoka.

Kukabidhi zamu kulichelewa. Binti wa kitanda cha 9 alikuwa bado akitembea, ila sasa aliweza kuketi kwa dakika kadhaa kabla ya kuinuka. Mwenzangu wa usiku alipofungua kitabu cha ripoti nilimwomba tuache kitabu kwanza, tukaenda pamoja hadi kitandani, tukainama, tukaitazama miguu yake.

Saa 4:10 usiku, nikiwa tayari nyumbani, nilipiga simu idara ya magonjwa ya ndani. Joto lilikuwa 38.7. Mama alikuwa bado ameketi pale, na kijana alikuwa hajasema neno.