Barua ya EARC haimfundishi mtoto

Mi nafundisha gredi ya tatu hapa Malindi, skuli ya serikali, na kila muhula ukifunguliwa nawaona wazazi wanakuja na ile barua ya asesimenti mkononi, ya EARC, kituo cha serikali kinachopima watoto wenye ulemavu, wamehangaika kweli kuipata, wengine wametoka huko ndani Magarini na nauli ya kukopa. Imeandikwa mtoto haoni vizuri, au hasikii vizuri, asome na wenzake skuli ya kawaida na asaidiwe. Sasa asaidiwe na nani?

Vituo vya EARC vipo tangu 1984, KISE, chuo cha elimu maalum kule Nairobi, ikaanza 1986 kufunza walimu, na katiba ya 2010 kifungu cha 54 inamlinda mtoto mwenye ulemavu asifungiwe mlango wa skuli. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa pili darasani. Elimu ilipokuwa bure 2003 watoto walijaa, alhamdulillahi, lakini mwalimu ni yuleyule mmoja na darasa lote linamngoja yeye.

Darasani kwangu kuna mtoto ana ualbino. Watu wakimuona wanawaza jua na mafuta ya ngozi tu, kumbe kinachomtesa akiwa ndani ni macho, mboni zinachezacheza na ubaoni haoni hata akikaa dawati la mbele, halafu dirisha letu asubuhi linaingiza jua ubao wote unang'aa. Basi tumetundika leso dirishani, tukamwambia ainuke aende mpaka ubaoni saa yoyote bila kuomba ruhusa, na kila ninachoandika anaandikiwa karatasi yake kwa kalamu nene, herufi kubwa kubwa. Sa hivi anasoma hadithi mwenyewe mpaka mwisho, na sauti anaitoa!

Lakini hiyo karatasi siandiki mimi. Anaandika binti mmoja kamaliza fomu foo anangoja chuo, wazazi wanamchangia kidogo kidogo. Huyohuyo ndo anakaa na kijana mwengine asiyesikia vizuri, manake mi nikigeuka kuandika ubaoni yule mtoto anapoteza kila kitu, yeye anafuata midomo, kwa hivyo binti anamgeukia anamrudilia pole pole. Hana diploma yoyote, ana subira na ana nafasi, na hivo viwili mimi na darasa lile sina.

Si haki mzigo huu kubebwa na mama anayeuza mahamri. Mchango ukikatika binti anaondoka, na mtoto anarudi kukaa kimya. Serikali iajiri wasaidizi wa darasani, iwalipe, ndo ombi langu kubwa.

Na tusikimbilie kusema "mpeleke yuniti", yaani darasa la watoto wenye ulemavu peke yao, au boding. Wapo wanaohitaji, mtoto kiziwi kabisa anafaidika sana akiwa na wenzake wanaoongea kwa ishara, hilo nakubali. Ila wengi wanaosukumwa huko wangeweza kubaki hapahapa nyumbani, wakaenda skuli na ndugu zao na jioni madrasa kama kawaida.

Wazazi wenzangu, barua hiyo itoeni kopi, kila mtoto akipanda darasa mpeni mwalimu mpya mkononi, manake ile ya kwanza hukaa kwenye faili ofisini na mwalimu haioni. Pia KNEC, lile baraza la mitihani, hutoa mtihani wa herufi kubwa na muda wa ziada, lakini lazima mtoto asajiliwe hivo na ripoti iwepo. Muulizeni hedi ticha mapema, mtihani wa gredi ya sita usiwakute hamjajipanga.